Mlango wa Uani wa Kasri la Lord Egerton

Bila shaka ushaiona picha hiyo. Bibi harusi yuko kwenye ngazi za jumba la mawe, gauni jeupe limemwagika hadi chini, bwana harusi katia mkono mfukoni kama mtu aliyezaliwa humo ndani. Nyuma yao madirisha marefu, mbele yao nyasi zilizokatwa sawasawa. Chini ya picha mtu kaandika maneno ya mapenzi na wenzake wamemjibu kwa mioyo myekundu. Jumba hilo ni Kasri la Lord Egerton, Njoro, nje kidogo ya Nakuru, na kwa vijana wengi wa nchi hii ndilo jumba la Kizungu wanalolijua kuliko jengine lolote.

Pamoja na picha huja hadithi. Ati Lord alimpenda mwanamke wa kwao. Mwanamke kaja, kaitazama nyumba aliyokuwa akikaa, kasema yafanana na banda la kuku. Lord kaanza kujenga kasri. Lilipokamilika, mwanamke kaja tena, mara hii kasema lafanana na makumbusho, kisha kaenda zake kuolewa na mwengine. Tangu siku hiyo Lord kapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga kwake. Huo ndio mukhtasari. Kila msimulizi hutia chumvi yake.

Sina ugomvi na hadithi, iwe ya kweli au ya kupikwa. Ninachotaka ni kulisoma jumba lenyewe. Nyumba husomeka kama riwaya: kuna wanaopewa jina, kuna wanaoingia na trei ya chai na kutoka bila kusema neno. Na kama vile katika riwaya, ukitaka kujua mwandishi aliwaona watu vipi, usimfuate shujaa peke yake. Mfuate aliyebeba trei.

Kipimo hiki si changu, ni cha khalati yangu. Mwaka juzi nilipita Njoro nikapiga picha nyingi za kasri, niliporudi nyumbani Bondeni nikamwonyesha kwenye simu. Khalati amefanya kazi katika nyumba za watu Nyali kwa miaka kumi na minane. Alipitisha kidole pole pole: ngazi, ukumbi wa kuchezea dansi, kinanda kikubwa cha mabomba, mahali pa kuotea moto. Akafika mwisho wa picha, akanirudishia simu. "Na jiko li wapi, mwanangu?"

Sikuwa na picha ya jiko. Nadhani wengi wetu hatunayo.

Tuanze na yanayojulikana. Maurice Egerton alikuwa Baron wa nne wa Tatton. Ujenzi wa kasri ulianza mwaka wa 1938, ukakatizwa na Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ukamalizika 1954. Vyumba ni 52. Lord alifariki mwaka wa 1958, hajaoa, hana mtoto, na cheo cha ubaron kikafa naye. Piga hesabu: ujenzi na usubirifu wa miaka kumi na sita, kisha miaka minne ya kukaa. Nyumba yetu ya Bondeni ina vyumba sita. Nilipokuwa mdogo tulikuwa humo watu ishirini na watatu, wapangaji na wenyeji, na hakuna aliyetuandikia hadithi ya mapenzi.

Sasa wengi hudhani kasri lilizuka tu kichwani mwa mtu mwenye moyo uliovunjika. La. Egerton alitoka kwenye jumba na akaja kujenga jumba. Kwao ni Tatton, karibu na mji wa Knutsford, jimbo la Cheshire, Uingereza: jumba kubwa lililozungukwa na mbuga ya miti na maziwa, lililokuwa mikononi mwa ukoo wake kizazi baada ya kizazi. Alipokufa, Tatton iliachiwa National Trust, shirika linalohifadhi majumba ya kale ya Uingereza, na hadi leo watu hulipa kuingia. Huko kuna ukumbi mzima wenye vichwa vya wanyama aliowawinda. Kwa hivyo kasri la Njoro ni aina ya nyumba iliyokuwa na kanuni zake tangu zamani, ikahamishiwa Bonde la Ufa.

Kanuni ya kwanza ni hii: jumba la shamba la Kiingereza si nyumba tu, ni ardhi iliyovaa nyumba. Liliishi kwa kodi za wapangaji na mazao ya mashamba yaliyolizunguka. Ndiyo maana halijengwi ukingoni mwa barabara kama nyumba ya mtu wa kawaida. Hurudishwa nyuma kabisa, ili mgeni apite njia ndefu, aone miti, aone malisho, na kabla hajafika mlangoni awe ashaambiwa bila maneno ni nani mwenye vyote hivyo. Dirisha kubwa si la hewa peke yake. Ni la kutazamia mali.

Kanuni ya pili yahusu waliolihudumia. Nilisomea usanifu wa majengo miaka miwili kabla ya karo kunishinda, na katika vitu nilivyobaki navyo ni jina la Robert Kerr. Huyu alikuwa msanifu mzaliwa wa Uskoti aliyechapisha mwaka wa 1864 kitabu cha kuwafundisha matajiri namna ya kupanga nyumba ya muungwana. Fundisho lake moja, nikilieleza kwa maneno yangu, ni kwamba familia na watumishi ni jamii mbili chini ya paa moja, na nyumba njema ni ile ambayo kila upande hauuoni wala kuusikia mwengine. Basi majumba yakajengwa mawili ndani ya moja. Kulikuwa na ngazi ya mbele, pana, ya kushukia ukiwa umevaa. Kulikuwa na ngazi ya nyuma, nyembamba, ya kupandishia makaa na maji ya moto. Kulikuwa na kengele za kuvutwa kwa waya, ili bwana amwite mtu bila kuinua sauti. Kulikuwa na mlango uliofunikwa kitambaa kizito cha kijani, kazi yake kuzuia sauti na harufu za jikoni zisifike kwa waliokuwa wanakila hicho kilichopikwa.

Fikiria ustadi uliotumika hapo. Mtu awashe moto chumbani kwako alfajiri, atandike, afute, atoweke, nawe uamke udhani moto hujiwasha wenyewe. Hicho ndicho kilele cha usanifu wa aina ile: kuificha kazi.

Kwa hivyo nikilitathmini kasri la Njoro, siwezi kusema ni baya. Si baya. Mawe yamechongwa na kupangwa kwa mkono wa mtu aliyejua kazi. Njoro ni baridi, wallahi, mtu wa Mombasa humo hulala na soksi mbili, kwa hivyo mahali pa kuotea moto pana maana kuliko pangekuwa na maana huku kwetu. Mbao za mwaloni zilizopamba kuta na marumaru iliyoletwa kutoka Ulaya zimetulia mahali pake. Ukumbi wa dansi una ukimya mzuri. Ukisimama katikati, hata ukikohoa, sauti yarudi kwako kwa heshima.

Lakini ukumbi wa dansi wahitaji watu wa kucheza. Jumba la Kiingereza lilijengwa hivyo kwa sababu lilikuwa na kazi: mialiko ya wikendi, ndoa za kuunganisha koo, siasa mezani, wageni thelathini na wapishi wao. Njoro mpango huo ulikuja bila jamii iliyouzaa. Umbo lilihamishwa, maisha hayakuhamika. Hapo ndipo kasri laanguka kama kazi ya usanifu, na hapo ndipo hadithi ya mwanamke yapata kazi ya kufanya. Jumba tupu lahitaji sababu ya utupu wake. Tukapewa moyo uliovunjika.

Na moyo uliovunjika umefanya kazi kubwa kuliko mlango wa kitambaa cha kijani. Umetufanya tuulize kwa nini hakuoa, tukasahau kuuliza alipataje ardhi. Jibu la swali la pili halina siri. Mwaka wa 1904 Wamasai walifanyiwa mkataba uliowaondoa katika sehemu kubwa ya Bonde la Ufa ili walowezi waingie. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 ikawaruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 999. Nyanda za juu zikawa za Wazungu. Bila karatasi hizo, hakuna njia ndefu ya kuingilia wala dirisha la kutazamia mali. Jiwe la kwanza la kasri lile ni hati.

Haki yake apewe pia. Mwaka wa 1939 Egerton alitoa ardhi ikaanzishwa shule ya kilimo, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na maelfu ya watoto wa nchi hii wamesoma hapo. Lakini shule ile ilianzishwa kwa ajili ya vijana wa Kizungu, na ikafungulia watu wa rangi zote mwaka wa 1961. Kwa miaka ishirini na miwili, kijana Mwafrika hakuingia pale kama mwanafunzi. Hata zawadi ilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma.

Najua mtu wa Pwani akisoma hadi hapa ashaanza kutabasamu. Anangoja nigeuke nisema: sasa tazameni nyumba zetu za mawe, tazameni ustaarabu. Ngoja kidogo.

Ni kweli nyumba ya mawe ya Lamu ni darasa. Waanza na daka, kibaraza cha mlangoni ambapo mgeni hukaa bila kuingia. Ndani ya mlango kuna tekani, mahali pa kupinda, ili aliye njiani asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, ua wa katikati unaoleta mwanga na hewa. Kisha msana wa tini, msana wa yuu, na ndani yenyewe, vyumba virefu vilivyopangwa kimoja nyuma ya chengine, kila ukizidi kuingia wazidi kuwa mtu wa nyumba. Upana wa chumba uliamuliwa na mti. Boriti za mikoko hazibebi dari pana, kwa hivyo chumba hakizidi sana mita mbili na nusu au tatu, na urefu ndio huongezwa. Mwaloni ulimruhusu Mwingereza kujitanua. Mkoko ulimfundisha Mswahili kukaa karibu na mwenzake. Na mwisho wa safari hiyo, kwenye ukuta wa ndani kabisa, zidaka za chokaa zilizochongwa safu juu ya safu, na vyombo vya kaure vimepangwa ndani yake.

Nzuri, tena sana. Lakini muulize khalati swali lake: jiko li wapi? Nani alipanda nalo ngazi? Katika nyumba nyingi za ghorofa za Lamu, chini ndiko zilikowekwa bidhaa na ndiko walikokaa watumwa, na wenye nyumba wakakaa juu kwenye zidaka na upepo. Linda Donley, mtafiti aliyezichunguza nyumba za Lamu miaka ya 1980, alionyesha kwamba ramani ile ilikuwa pia orodha ya watu: nani mungwana, nani mtumwa, nani mgeni, nani mke. Utumwa ulifutwa kisheria huku Pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Leo nyingi katika nyumba zile ni za kulaza wageni, na chumba cha chini kimepakwa chokaa, kikatiwa kitanda cha chandarua, kikapewa jina tamu. Kasri la Njoro lina hadithi ya mapenzi, nyumba ya mawe ina hadithi ya ustaarabu. Zote mbili zaifunika ghorofa ya chini.

Kwa hivyo sitaki kulishindanisha jumba la Lord na nyumba ya mungwana. Hao wawili wangeelewana vizuri sana, wakakaa, wakanywa kahawa, na mtu mwengine akaosha vikombe. Nataka kulishindanisha na nyumba ambayo haina kibao, haipigiwi picha za harusi, na ambayo wewe msomaji kama ni wa Bondeni, wa Majengo, wa King'orani, umezaliwa ndani yake au una nyanya aliyezaliwa humo.

Waijua. Mbele baraza ya saruji, imesuguliwa na makalio ya watu hadi imekuwa laini. Mlango mmoja wa katikati. Ukumbi mwembamba unaotoka mlangoni moja kwa moja hadi uani. Vyumba vitatu huku, vitatu kule. Uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za nguo na mitungi ya maji. Kuta zilikuwa za fito zilizokandikwa udongo au mawe ya matumbawe, kisha zikapigwa saruji. Paa lilikuwa la makuti, kisha mabati. Basi. Mtoto wa darasa la nne huweza kuichora.

Nyumba hii haikuletwa na Lord wala haikujengwa na watu wa zidaka. Mwaka wa 1896 kazi ya reli ilianza hapa Mombasa, bandari ya Kilindini ikaja kukua, na kisiwa kikajaa watu waliohitaji pa kulala: makuli, mabaharia, wapishi, wachuuzi, watu waliotoka bara na watu waliotoka visiwani, na watu ambao mama zao walikuwa wa chumba cha chini. Nyumba ya vyumba sita iliwapokea kwa sababu yaweza kugawika. Mwenye nyumba akaa chumba cha mbele, vyengine apangisha. Akipata shida, yeye mwenyewe ajibana chumba kimoja. Akipata harusi, wote wahama kwa siku tatu na ukumbi wageuka wa wageni.

Sasa isome kama usanifu. Ukumbi ni mmoja. Hakuna ngazi ya mbele na ngazi ya nyuma. Mwenye nyumba akitaka kwenda chooni usiku apita mbele ya mlango wa mpangaji anayemdai kodi ya miezi miwili, na mpangaji amsikia akipita. Mwizi wa sabuni na mwenye sabuni waoga bafu moja. Huwezi kukaa nyumba ile ukadhani moto hujiwasha wenyewe. Moshi wenyewe utakwambia ni nani aliyeuwasha na ni nini kinachopikwa, na kama kwako hakukupikwa kitu, utaletewa sahani imefunikwa kawa.

Na tazama mlango wa uani. Katika jumba la Kiingereza mlango wa nyuma ni wa wale wasiotakiwa kuonekana. Kwetu ni wa wenye nyumba hasa. Uani ndiko kina mama hupitia kwenda kwa jirani bila kujitanda upya, ndiko pilau ya harusi hupikwa, ndiko maamuzi mazito hukatwa huku watu wanachambua mchicha. Mgeni wa heshima hupitishwa mbele, anakaribishwa kiti, anapewa soda. Lakini siku atakayoambiwa "pita huku uani," ashakuwa wetu. Umbo ni lile lile, mlango nyuma ya nyumba, na maana imepinduka kabisa.

Isiwe naipamba. Nimekaa humo. Choo kimoja kwa watu ishirini na watatu si jambo la kuandikia shairi. Mwezi wa Februari mabati hukupika kama mahamri. Siri hakuna: ugomvi wa chumba cha pili ulisikika chumba cha sita, na msichana aliyechelewa kurudi alihukumiwa na baraza nzima kabla hajavua viatu. Hiyo baraza ninayoisifu ni ya wanaume mchana kutwa, na mlango wa uani ninaoupenda ulikuwa pia ndio mlango pekee ambao nyanya yangu aliruhusiwa kuutumia alipokuwa kijana. Nyumba ile yataka kukosolewa. Lakini ikosolewe kama nyumba, kwa ramani yake na hesabu zake, jinsi tunavyoyakosoa majumba makubwa. Si kuitwa "kibanda" kwenye mkutano mmoja na kubomolewa kwenye mkutano wa pili.

Maana udhaifu wake mkubwa hauko ukutani, uko kwenye karatasi, sawa na nguvu ya kasri. Katika mitaa mingi ya kisiwa hiki nyumba ni yako na ardhi si yako. Wajenga juu ya kiwanja cha mtu na kumlipa kodi ya ardhi kila mwezi, kizazi hadi kizazi. Mwaka wa 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi za Pwani. Aliyepeleka dai lake akathibitishiwa alipata hati, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali ya Mwingereza. Waliopitwa na karatasi hiyo, na waliokuja baadaye kupanga kwa waliokuwa nayo, ndio sisi wa kuta bila udongo. Benki haikukopeshi kwa nyumba kama hiyo. Na mwenye ardhi akiuza, wewe hubaki na mabati yako na milango yako mkononi.

Ndivyo nyumba za vyumba sita zinavyoondoka, moja moja, na mahali pake huota ghorofa. Hapa khalati ana neno la pili.

Ukitaka kuliona jumba la Kiingereza leo, huna haja ya kupanda basi hadi Nakuru. Vuka Daraja la Nyali. Tazama mabango ya nyumba zinazouzwa, yale yenye majina kama Manor, Court na Gardens. Soma maelezo: vyumba vinne vya kulala, vyote na bafu ndani, sebule mbili, na SQ. Kila Mkenya aijua SQ. Ni chumba cha mfanyakazi. Chuoni, kazi ya kwanza tuliyopewa ya kuchora nyumba ya familia ilitaka SQ kabla hata hatujaulizwa familia yenyewe ina watu wangapi. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulifundishwa upana wa gari kwenye gereji kwa sentimita, na SQ tuliambiwa tuitie "panapobaki."

Robert Kerr angefurahi. Chumba kiko nyuma, mlango wake wafungukia pa kufulia nguo, njia yake haipiti sebuleni. Kwenye ghorofa zile mpya hukiweka nyuma ya jiko, pengine bila dirisha, kitanda kikiingia mlango haufunguki wote. Khalati amelala katika vyumba vitatu vya aina hiyo. Katika nyumba moja, ambayo sina haja ya kuitaja, kulikuwa na vyoo vitano ndani na yeye akaambiwa atumie cha nje cha askari. Alinisimulia hayo bila hasira, kama mtu anayetaja vipimo. "Vitano, mwanangu. Niliviosha mimi vyote. Nikitaka haja natoka mvuani."

Kwa hivyo swali lake la jiko halikuwa mzaha. Alikuwa analitafuta jina lake kwenye picha.

Mwaka wa 1990 Mji wa Kale wa Mombasa ulitangazwa eneo la hifadhi. Fort Jesus imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2011, Lamu tangu 2001. Vizuri. Tuhifadhi milango ya nakshi, tuhifadhi roshani za Ndia Kuu, tulihifadhi na kasri la Njoro pia, mimi sitaki libomolewe jiwe moja. Nataka mgeni akiingia aonyeshwe jiko kabla ya ukumbi wa dansi. Nataka chumba cha chini cha nyumba ya Lamu kiitwe kwa kazi iliyokuwa yake. Nataka nyumba moja, moja tu, ya vyumba sita hapa kisiwani iwekewe kibao, pamoja na choo chake kimoja na ugomvi wake wa maji, kwa sababu ndani ya aina hiyo ya nyumba ndimo mji huu ulimojifunza kukaa pamoja bila kumficha anayepika. Na nataka mwenzangu yeyote anayechora nyumba sasa hivi, aliyebaki chuoni ambako mimi sikuweza kubaki, aanze na SQ. Aipe dirisha. Aipe choo. Au ajiulize kama nyumba yahitaji mtu wa kufichwa.

Wakati hayo yakingojewa, kuna kazi ndogo tunayoiweza. Kiwanja cha nyumba yetu kiko sokoni, mwenye ardhi ashasema. Nimenunua futi ya kupimia, ile ya mita tano, na kila Jumapili jioni napima. Ukumbi una upana wa mita 1.6. Chumba cha nyanya ni mita 3.1 kwa 3.4. Baraza ina kimo cha sentimita 48, sawasawa na kiti. Khalati ndiye hushika ncha ya pili ya futi. Jumapili iliyopita tulipomaliza vyumba aliniambia nisifunge daftari, kisha akatangulia uani, akakanyaga mahali ambapo sasa pamewekwa mitungi. Hapo ndipo lilipokuwa jiko la kwanza, kabla mimi sijazaliwa. Akangoja nilichore.